Alichojibu Mfaransa

Busia, upande wa Kenya
7 Machi 1965

Papa,

Salamu nitazifupisha, maana nakujua, utazipima moja moja kama ni za kweli. Mimi mzima. Mtoto analia.

Sisemi analia kama watoto wanavyolia. Amefikisha miezi miwili, na wiki hizi zote ni kilio asubuhi, kilio jioni. Anashika titi, ananyonya kidogo, anaachia na kupiga yowe kama aliyefinywa. Mashavu aliyozaliwa nayo yamekwisha. Mama mkwe wangu, ambaye hapa wote tunamwita Mama Odhiambo, hana shaka hata chembe. Kwao Waluo mtoto akilia hivi anadai jina la mtu wake aliyetangulia. Kanisani ameandikwa Mildred, lakini hilo ni la padre. La nyumbani hana. Wamemtajia wafu wote wa ukoo huu, wanaume kwa wanawake, naye anazidi tu.

Juzi Mama Odhiambo akaota. Aliona mwanamke mrefu amesimama langoni na mtungi wa ajon, ile pombe yetu ya ulezi, kichwani, haingii. Akimwambia karibu, yule mwanamke anacheka tu, ameziba mdomo kwa upindo wa kitambaa cha kichwani. Asubuhi akaniuliza, "Anjeline, mama yako alikuwa mtu wa namna gani?" Nikaacha kuosha vyombo. Unajua hawakuwahi kuonana. Nilipoolewa huku, Mama alikuwa ameshazikwa mwaka mzima.

Sasa anasema jina la watu wengine haliibiwi, linaombwa. Lazima mtu wa upande wa yule marehemu aje alitamke mwenyewe, kwa desturi ya kwao. Yaani desturi yetu, Papa: kidole kwenye ajon, kisha mdomoni mwa mtoto, na jina. Akinyonya kidole amelikubali. Kwa kawaida ni kazi ya bibi, lakini upande wetu umebaki wewe peke yako.

Kwa hiyo nakuomba uje useme neno moja. Agwang. Nimeliandika ili ulione, maana tangu tulipomzika sijakusikia ukilitamka hata mara moja. Hata ule msalaba uliomtengenezea kwa saruji una tarehe mbili, hauna jina. Mume wangu Odhiambo yuko Mombasa bandarini, likizo yake ni katikati ya Mei. Akifika atampa mtoto jina la shangazi yake marehemu, na ana haki. Hapo mama yangu atakuwa amekwisha kabisa duniani.

Nilipokuwa mdogo ulinihadithia juu ya Mfaransa wa zamani aliyejifungia chumbani kwenye joto la jiko, akashuku kila kitu mpaka mikono yake mwenyewe. Ukanihadithia na binti mfalme aliyemwandikia kumuuliza: kama roho haina mwili, inausogezaje mkono? Nikakuuliza, na Mfaransa alimjibu nini? Ukasema utaniambia nikikua.

Nimekua.

Mwanao,
Anjeline Akongo


Mukuju
12 Machi 1965

Akongo,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi.

Tuanze na ndoto. Mwanamke mrefu mwenye mtungi wa ajon. Simama hapa Mukuju siku ya soko utaona wanawake wa namna hiyo mpaka uchoke. Mama Odhiambo amekwishaona Wateso wengi wakipita mpakani na mitungi yao. Akalala na wasiwasi wa mtoto, akaota Mteso. Hakuna la ajabu hapo.

Pili, mtoto. Wale wanafalsafa wa vitabu alivyoniachia Padre Mholanzi, wale walioamini akili kuliko macho, walisema kweli kwamba roho inazaliwa na mawazo fulani tayari ndani yake: Mungu, hesabu, umbo la pembetatu. Hakuna aliyesema inazaliwa ikijua majina ya watu wa Mukuju. Mtoto wa miezi miwili hajui hata kwamba ule mkono unaompiga usoni ni wake. Analia kwa sababu kuna kitu kinamuuma. Tafuta kinachouma. Mpeleke zahanati.

Kuhusu kuja kwangu, unajua vizuri kwamba baba mkwe hazoei nyumba ya mkwewe. Mahari yenyewe haijamalizika. Nikija nitakula nini, nitakaa wapi, watu watasemaje? Isitoshe mvua zimeanza, barabara ya Tororo ni tope, na darasa la saba lina mtihani.

Mwalimu J. Ikiring


Busia
20 Machi 1965

Papa,

Nimecheka mpaka mtoto akanyamaza kunitazama. Wewe, uliyesimama mazishini kwa mzee Okurut ukawaambia wazee wa watu kwamba mila ni uvivu wa kufikiri, leo umejificha nyuma ya mila ya wakwe! Na sahihi je? "Mwalimu J. Ikiring." Niandikie basi na namba ya darasa langu.

Kicheko kimekwisha. Umejibu mtungi, umejibu urefu, umejibu mahari na tope. Kitambaa hukukijibu. Mama alikuwa akicheka vile vile, na wewe unajua. Alikuwa hataki watu waone pengo la jino. Umekiruka kama mtu anavyoruka dimbwi, nami nimeona uliporuka.

Na kwa kuwa unapenda wanafalsafa, nakukumbusha yule Mjerumani. Tulikuwa barazani mvua ikipiga mabati, ukasema: Akongo, hiyo sauti kubwa unayoisikia ni matone mengi mno, na hakuna hata moja unaloweza kulisikia peke yake, lakini lazima kila moja umelisikia, la sivyo usingesikia kitu. Ukasema Mjerumani alifundisha kwamba roho nayo ni hivyo, inasikia mambo mengi sana ambayo yenyewe haijui kwamba imeyasikia. Nilikuwa mtoto nikaogopa. Sasa niambie, kama roho inaweza kujua bila kujua kwamba inajua, unawezaje kuapa kwamba mwanangu hajui anachokililia?

Jambo jingine. Kwa nini unaniandikia Kiswahili? Nyumbani tuliongea Kiteso. Barua zako zote tangu niolewe ni Kiswahili kilichonyooka kama fimbo ya mwalimu, nami ninakufuata kwa heshima. Hapa kuna Kiluo nyumbani, Kisamia kisimani na Kiswahili dukani. Mama Odhiambo ni mwema kwangu, sina neno juu yake. Lakini mtu wa kuongea naye Kiteso ni huyu mtoto tu, naye analia. Wakati mwingine naongea na sufuria.

Nina upweke, Papa. Nimesema.

Akongo


Mukuju
25 Machi 1965

Akongo,

Kiswahili nilikipata jeshini, nilipokuwa nikiwafundisha maaskari kusoma na kuhesabu. Ni lugha ya watu waliokutana kwa kazi. Unasema jambo, linasikika, mnaachana salama. Kiswahili hakijawahi kunifuata shambani kuniuliza nimekula nini.

Ninakula. Otai, jirani, huwa anapita jioni kunitazama kama mtu anavyotazama ng'ombe aliyeachiwa atunze. Jana alinikuta nakula nimesimama. Akasema, "Mwalimu, wewe nakaa kama mutu ya jela. Kiti iko, meza iko, kwa nini nasimama?" Ukikaa kwenye ile meza kiti cha pili kinakutazama.

Kuna mwanafalsafa mwingine, wa kule kwao Padre, aliyekuwa akisaga vioo vya miwani kwa riziki yake baada ya watu wake kumtenga. Alisema atachunguza huzuni ya binadamu kama vile ni mistari na pembe, bila kulia wala kucheka. Nimejaribu njia hiyo miaka mitatu sasa. Namheshimu sana.

Kitambaa: wanawake wengi hucheka hivyo.

Bado hujanieleza kama ulikwenda zahanati.

Baba yako,
J. Ikiring


Busia
4 Aprili 1965

Papa,

Wanawake wengi hucheka hivyo. Haya.

Leo sina nguvu za kubishana. Mtoto ana moto mwili mzima tangu juzi. Zahanati tulikwenda, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi, tukapewa dawa ya malaria na kuambiwa wengine wapite. Imeshuka homa kidogo ikarudi. Akilazwa kifudifudi analia. Akilazwa upande wa kushoto analia mpaka anakatika pumzi. Nimembeba kwa bega la kulia mpaka bega limekufa. Kunyonya ndiyo kabisa, akivuta mara mbili anaachia. Anajipiga kichwa kwa ngumi yake ndogo, unajua watoto wasivyojua kulenga, lakini yeye anajipiga pale pale.

Mama Odhiambo amechuma majani ya kumwogesha. Kisha ameniambia, "Mwanangu, mimi nimengoja kwa adabu. Baba yako ni mwalimu, ana mambo yake. Nitangoja tena hadi Odhiambo afike. Baada ya hapo nyathi, huyu mtoto wetu, atapewa jina la hapa, asije akafa bila jina." Akalia aliposema hivyo. Anampenda huyu mtoto.

Mimi nataka aitwe Agwang. Nataka siku moja nisimame mlangoni niite, "Agwang, njoo ndani," na mtu aje. Ni hilo tu ninalolitaka kwako. Kama hutakuja niambie hutakuja kwa sababu hutaki, usiniambie tope.

Akongo


Mukuju
5 Aprili 1965, asubuhi

Akongo mwanangu,

Barua yako imeletwa leo na mwenye duka aliyetoka Busia, nami namtuma Otai aje nayo hii papo hapo, amevaa koti langu la mvua.

Ni sikio. Sikio la kushoto. Soma ulichoandika wewe mwenyewe. Analia akililalia. Anyonyapo taya linavuta pale karibu na sikio, ndiyo maana anaachia titi ingawa ana njaa. Homa inashuka na kurudi. Anajipiga pale pale. Kuna usaha ndani, nyuma ya ngozi ya sikio, unatafuta njia. Jeshini niliona mwanamume mzima akigonga kichwa ukutani kwa maumivu hayo. Rudi zahanati. Usikae kwenye benchi, ingia. Sema sikio. Waambie wamulike ndani kwa taa na wampe penisilini. Usimimine mafuta, usimimine maziwa, usimruhusu mtu amimine chochote.

Nenda sasa hivi. Sehemu iliyobaki utaisoma ukirudi.

Nimeamka leo nikiwa na hofu. Sijui kama niliwahi kukuambia kwamba yule Mfaransa, aliyeshuku kila kitu, alikuwa na mtoto wa kike. Hakuwa ameoa, mama wa mtoto alikuwa mtumishi. Alipanga kumpeleka kwao akasome. Mtoto akashikwa na homa akafa, akiwa na miaka mitano. Na huyo mwenye akili kali kuliko wote wa wakati wake hakuona haya kumwambia rafiki yake kwamba alilia.

Sijui kwa nini nimekuandikia hili. Halina uhusiano na sikio.

Papa


Busia
22 Aprili 1965

Papa mpendwa,

Pole kwa kuchelewa kukujibu. Pasaka ilitushika, kulikuwa na wageni wa kanisa, na mimi nilikuwa nikisukwa nywele na binti wa jirani anayeitwa Loice, kazi ya siku nzima. Nyumba ilipigwa kinyesi cha ng'ombe upya, imependeza. Otai alifika salama siku ile, amelowa chapachapa, akakataa hata chai. Koti lako nimelianika, lipo.

Tulirudi zahanati kama ulivyoagiza. Nilisema sikio. Walitazama, wakasema hawaoni kitu. Kwa hiyo hali ni ile ile. Mtoto bado analia, na Mama Odhiambo bado anasema ni jina. Mimi sina tena pa kukimbilia ila kwako. Nimefanya yote ambayo akili iliagiza, Papa, sasa fanya wewe lile moja ninaloomba mimi.

Mvua imepungua huku. Mchana kukiwa kimya hivi nasikia hata malori yakinguruma kule kwenye kizuizi cha mpakani.

Akongo wako


Mukuju
27 Aprili 1965

Akongo,

Nitakuja Jumamosi, tarehe nane Mei. Sitalala. Msichinje kuku. Ajon nitakuja nayo mwenyewe. Mke wa Otai anaipika.

Papa


Busia
10 Mei 1965

Papa,

Umeondoka juzi na nyumba bado ina harufu ya tumbaku yako. Mama Odhiambo anamsimulia kila anayepita jinsi mwalimu wa Mukuju alivyoingia kwa heshima, akakataa kiti cha mbele na kukaa kwenye kigoda. Amekupenda. Anasema huna maneno mengi, na mimi simsahihishi.

Ninaandika kwa sababu siwezi kuila furaha hii kama nimeiiba.

Nilikudanganya. Lilikuwa sikio, kama ulivyosema. Nilikwenda siku ile ile Otai alipofika, nikaingia bila kungoja, nikasema sikio. Walimulika. Usaha ulitoka wenyewe siku ya pili, ukalowesha kanga yangu, na mtoto akalala usingizi mpaka nikamwekea mkono puani kuona kama anapumua. Kabla ya Pasaka alikuwa amepona. Anacheka, Papa, uliona mwenyewe, nami nikakuambia eti leo ni siku yake nzuri. Mama Odhiambo alijua nimekuandikia nini, akanyamaza kwa ajili yangu. Aliniambia tu, "Utamweleza mwenyewe, mimi simo."

Nilidhani ukijua amepona hutakuja. Ungeandika, "Umeona? Sababu imepatikana," ukapiga mstari chini na kufunga hesabu. Na mimi ningebaki na mtoto mzima asiye na mama yangu.

Halafu ukachovya kidole na ukanyamaza. Ulinyamaza muda mrefu mno, Papa. Mkono ulikuwa ndani ya kibuyu na wewe ulikuwa kama jiwe, nami nikajilaumu, nikataka kupiga kelele niseme basi, acha, mtoto amepona, usiseme. Mama Odhiambo akakohoa. Ndipo ukasema. Sauti haikuwa yako ya darasani.

Alinyonya kidole mpaka ukashindwa kukitoa. Ulitazama kando. Sote tulitazama kando.

Ukitaka kunikasirikia, kasirika. Lakini ile ndoto na kile kitambaa sikuvitunga, naapa kwa mtoto. Sikuwahi kumsimulia Mama Odhiambo jinsi Mama alivyocheka.

Akongo


Mukuju
14 Mei 1965

Mwanangu Akongo,

Nilijua.

Barua yako ya baada ya Pasaka ilikuwa na mwandiko ulionyooka, haina doa hata moja la maziwa. Umesukwa nywele siku nzima. Mama wa mtoto anayelia hapati hata nafasi ya kujikuna. Mchana ni kimya, unasikia malori. Na upande wa kushoto, uliokuwa umekujaa kichwani, hukuutaja tena. Hujui kudanganya, namshukuru Mungu. Niliiweka barua chini nikamwambia Otai, mtoto amepona. Akauliza, "Sasa, wewe nakwenda kufanya nini?" Nikamwambia, kama mtoto amepona na mama yake bado anaomba, basi anayelia si mtoto.

Ndiyo sababu nilikuja. Ningekuja mapema zaidi kama ningekuwa na ujasiri. Tope halikuwepo, ulisema kweli.

Sasa kitambaa. Jumamosi ile Mama Odhiambo alipomwaga ile chai kwenye kiatu changu na kunifuta kwa kanga yake akiniomba radhi kwa Kiluo, wewe ulicheka. Ukashika upindo wa kitambaa ukaziba mdomo. Una meno yako yote, Akongo, huna cha kuficha, na huna habari kwamba unafanya hivyo. Mama Odhiambo anakuona ukicheka hivyo kila siku na yeye pia hana habari kwamba anaona. Matone ya Mjerumani. Siku alipoota mama wa Anjeline, akamvika kicheko cha Anjeline. Hakuna mzimu aliyekuja langoni. Alikuona wewe.

Hiyo ndiyo sababu, nimeipata, na ni sababu safi isiyo na kasoro. Na baada ya kuipata nilishindwa kumaliza chai. Mlidhani ni adabu ya wakwe. Miaka mitatu nimekaa kwenye nyumba hii nikihesabu kwamba amekwisha, kumbe yupo Busia anaosha vyombo.

Uliuliza Mfaransa alimjibu nini binti mfalme. Alizungukazunguka kwanza, kama mimi. Akampa mfano wa kitu kizito kinavyoanguka, binti mfalme akaukataa. Mwishowe akamwandikia kwamba jinsi roho na mwili vinavyoshikana haieleweki kwa kukaa na kufikiri. Wanaoielewa ni watu wanaoishi siku zao tu, wakiongea na wenzao. Yeye huyo, aliyeshuku mikono yake! Nilipoisoma ulikuwa mdogo. Nilidhani amechoka, nikaona haya kukuambia, nikasema utakua.

Nawe ulikuwa pale. Kidole changu kilikuwa ndani ya kibuyu nami nilikuwa nakiamuru kitoke, na hakitoki. Hakuna aliyekishika. Nilikuwa nafikiri, nikisema hili jina hapa mbele ya watu, halafu hakuna atakayeitika, nitarudije Mukuju? Kisha mama wa watu akakohoa kama mtu anavyokohoa mlangoni, na kidole kikatoka. Sijui kwa vipi. Andika tarehe, maana hilo neno "sijui" hujawahi kunisikia nikilisema.

Njiani, kwenye basi, nililisema tena lile jina. Mwanamke wa mbele akageuka akaniambia, "Bee?" Kumbe naye anaitwa Agwang, anatoka Kwapa. Tukaongea mpaka Tororo, Kiteso. Kilikuwa kinatoka kwa shida kama maji kwenye bomba lililokaa. Nilikuwa sijaongea Kiteso cha zaidi ya salamu tangu mazishi. Ile ni lugha ya mama yako. Kila neno lina sauti yake juu, hata neno la chumvi. Ndiyo sababu nilikuandikia Kiswahili.

Nitajaribu. Usinicheke nikikosea.

Papa


Busia
30 Mei 1965

Papa,

Barua yako imefika. Nilidhani itakuwa ndefu kama kawaida yako, kumbe mistari minne, Kiteso kitupu, na maneno mawili umeyakata ukayaandika upya. Niliisomea pale pale posta, nimesimama, mtoto mgongoni. Karani akaniona akaniuliza, "Mama, kuna msiba?" Nikamwambia hapana, ni barua ya baba.

Odhiambo yupo. Amekuta mtoto ana jina, akaguna, kisha akamnyanyua juu akamwita, na huyo binti akamkojolea shati. Limepita hivyo. Jina la shangazi litangoja mwingine.

Nilipofika nyumbani Mama Odhiambo akataka kujua mwalimu anasema nini, maana alinikuta nimeikunja barua nimeiweka kifuani. Nikamwambia ananiuliza nimekula nini. Akasema, "Ni hilo tu?" Nikamwambia ni hilo tu.

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho ya Kiswahili kwako, Papa, kwa hiyo nakujibu humu mara moja tu. Tumekula samaki na viazi. Agwang amenyonya, amelala, kwa sikio la kushoto.

Wewe je, umekula nini? Ulikaa kitini?

Akongo